Nyasi Zisizoliwa

Nimepewa ufunguo, filimbi na daftari la kurasa mia.
Kazi yangu ni kuhesabu.
Yangeyange wanne. Mdiria mmoja, juu ya bomba lililokatika.
Watoto sita penye ukuta ulioanguka:
hao siwaandiki.

Hapa palikuwa na kidimbwi cha rangi.
Maji yalitoka kiwandani yakiwa kijani, yakalala, yakakauka,
yakaacha ganda jeupe kama ulimi wa mgonjwa.
Baba, Musonda wa tanuri la pili,
alipita kila asubuhi na baiskeli,
bukari yake imefungwa kitambaani, ingali na joto.
Hata nyasi zina akili, alisema. Unaona? Haziji.

Udongo uwahi ungali maji,
tulikaririshwa shuleni.
Huu tuliuwahi umeshachomwa.

Kisha bomba kubwa likaacha kutoa moshi.
Mbingu ya Lubumbashi ikawa safi, na vyungu vyetu pia.
Baba aliendelea kufua ovaroli kila Jumamosi,
akaianika, akaikunja,
akaingoja Jumatatu ambayo haikuja.
Mama akachukua jembe.

Sijawahi kulisema hili kwa sauti:
tulilima hapa.
Pembeni, kwenye unyevu, lenga-lenga ilikubali kuota,
fupi, yenye mishipa ya njano.
Tuliichuma kabla walinzi hawajaamka,
tukaiosha mtoni, tukaipanga sokoni kwa mafungu.
Mboga ya wapi? watu waliuliza.
Ya Kafubu, mama alijibu, wala hakupepesa jicho.
Walionunua walikula.
Iliyobaki tulikula sisi.

Mwaka juzi akaja Twite, fundi wa udongo,
kijana mwenye viatu vya kuazima na maneno machache.
Akamwaga chokaa, magunia kwa magunia.
Akamwaga mboji ya soko: maganda ya ndizi, makapi ya miwa,
na, nani ajuaye, mashina ya mboga zetu
yakirudi nyumbani.
Akabomoa vichuguu, akatandaza wekundu wake.
Juu yake akapanda nyasi alizozing'oa kwenye vilima vya shaba,
kule linakochanua lile ua la zambarau
lisiloijua sumu kwa jina hilo.

Nikamwuliza: zitasafisha?
Akasema: hapana. Zitaishika tu chini, isiruke na upepo.
Kama mtu aliyefumba mdomo asitapike mbele ya wageni.
Nilimwelewa kuliko alivyodhani.

Sasa kuna ubao langoni.
HIFADHI. USILIME. USICHUME.
Wapita njia wanausoma na kwenda zao.
Mimi unanisoma.

Jana alikuja mwanamke, ndoo kichwani, jembe ndani ya ndoo.
Tuta moja tu, mlinzi. Hapa pembeni, penye maji.
Nikaitia filimbi mdomoni.
Akanikazia macho, akacheka:
wewe si binti wa Mama Kaumba?
Lenga-lenga ya mama yako! Mume wangu alikuwa hali nyingine.
Mlikuwa mkiitoa Kafubu, sivyo?

Ningeweza kupuliza.
Ningeweza kusema ndiyo.
Nilishusha mkono, ufunguo ukaning'inia kidoleni,
ukaelekea chini, kwenye nyasi, katikati ya miguu yetu.

Hakupiga kelele. Hakunilaani.
Alishusha ndoo. Akakaa juu yake kama mtu aliyefika kituoni
akakuta gari limeondoka.
Nyasi zilitikisika, zikatulia.
Baada ya muda mrefu akasema:
ilikuwa tamu, lakini.
Na hilo lakini likabaki palepale, halina pa kwenda.

Nilifungua daftari kwa sababu mikono ilitaka kazi.
Yangeyange watano.
Mdiria, hakuna.
Mwanamke mmoja, ameketi.

Huyo nimemwandika.